Mtoto Aombaye Njiani, Tumpe Nini?



Katika miji yetu mikubwa, tangu Dar es Salaam hata Mwanza, tangu Arusha hata Dodoma, mtu hashangai tena kumwona mtoto wa miaka 6 au 7 amesimama penye taa za barabarani, mkono wake umenyoshwa. Taa ikiwaka nyekundu, yeye huyakimbilia magari. Ikiwaka kijani, hurudi kando kungoja nyekundu nyingine. Mmoja hushika kitambaa na kufuta vioo asivyoombwa kuvifuta. Mwingine humwongoza mzee kipofu, kila mmoja ameshika ncha yake ya fimbo. Mwingine tena, binti mdogo, amebeba mgongoni mtoto mchanga ambaye karibu amshinde kwa uzito. Haya twayaona siku za kazi na siku ya Bwana, na mara nyingi twayaona mbele ya milango ya makanisa yetu wenyewe.

Hapo kila Mkristu huulizwa na dhamiri yake: Nimpe, au nisimpe? Watu wamegawanyika kwa swali hili. Wako wanaosema: Mpe, kwani Mungu ndiye atakayehukumu, na sarafu moja haitakufilisi. Wako wanaosema: Usimpe kamwe, maana ukimpa wamfunga pale pale barabarani, nawe umekuwa mshiriki wa wale wanaomtuma. Kila upande una hoja zake, na kila upande una watu wema. Lakini twaogopa kwamba pande zote mbili huweza kulala usingizi kwa urahisi mno: huyu kwa sababu ametoa, na yule kwa sababu amepata sababu nzuri ya kutotoa. Kwa hiyo tumeona vema kulitazama jambo hili polepole, kwa mwanga wa Maandiko Matakatifu na wa mafundisho ya Mama Kanisa.

Katika sura ya tatu ya Matendo ya Mitume twasoma habari za mtu aliyekuwa kiwete tangu tumboni mwa mama yake. Kila siku watu walimchukua wakamweka penye mlango wa hekalu uitwao Mzuri, apate kuwaomba sadaka watu waingiao kusali. Siku moja, saa tisa, Petro na Yohane walipita. Akawaomba. Petro akamkazia macho, akamwambia awatazame. Kisha alimweleza kwamba hana fedha wala dhahabu, lakini atampa kile alicho nacho. Na kwa jina la Yesu Kristu wa Nazareti akamwamuru atembee. Akamshika mkono wa kuume, akamwinua. Na yule mtu akaingia hekaluni pamoja nao, akirukaruka na kumsifu Mungu.

Tuangalie vizuri mambo mawili katika habari hii. La kwanza: sura ya nne ya kitabu hicho hicho yatuambia kwamba mtu huyu alikuwa amepita umri wa miaka 40. Alikuwa kiwete tangu kuzaliwa. Basi huenda alianza kuwekwa mahali pa kuomba akiwa angali mtoto. Katika miaka hiyo yote ni sarafu ngapi zilizoanguka mkononi mwake? Waliopita pale walikuwa watu wa sala, watu waliofundishwa na Torati kuwahurumia maskini. Bila shaka walitoa. Sadaka zao zilimlisha, na wala hatuthubutu kuzidharau, maana pasipo hizo angalikufa kwa njaa. Lakini kila jioni alibebwa kurudishwa nyumbani, na kila asubuhi alibebwa kurudishwa mlangoni. La pili: alikuwa na watu wa kumpeleka mpaka mlangoni, lakini hatusomi kwamba hata mmoja wao alimwingiza ndani. Hekalu lilikuwa hatua chache tu mbele yake, naye akabaki nje mpaka alipopatikana mtu wa kumtazama usoni na kumshika mkono.

Sasa tumtazame mtoto wetu wa barabarani. Yeye naye huletwa mlangoni kila siku. Na sisi twampa sarafu kila siku. Je, sarafu hiyo yafanya kazi gani?

Tufanye hesabu ndogo, hesabu ya mfano tu. Tuseme katika siku nzima watu 50 wamempa kila mmoja shilingi 200. Jioni mtoto huyu ana shilingi 10,000. Huenda fungu hilo likampita baba yake anayebeba mizigo sokoni, au mama yake anayeuza mboga kwa mafungu. Basi ni nani katika nyumba ile atakayesema kwamba mtoto aondolewe barabarani apelekwe shuleni, mahali ambapo haleti hata senti moja, bali adai daftari, kalamu na sare? Kila mmoja wetu ametoa kidogo tu, tena kwa moyo mwema. Lakini vidogo vyetu vikikusanywa vimekuwa mshahara, na mshahara huo humlipa mtoto kwa sharti moja: asiondoke pale.

Tena mshahara wenyewe una ubaya mwingine. Kazi nyingine zote, kadiri mtu anavyozidi kukua, ndivyo anavyozidi kupata, kwa kuwa ameongeza nguvu na ujuzi. Kazi ya kuomba kwa mtoto ni kinyume. Akiwa na miaka 5, watu humhurumia sana. Akiwa na miaka 9, humhurumia kiasi. Akifika miaka 14, sauti yake imekuwa nzito, mabega yamepanuka, na yule yule bibi aliyempa sarafu zamani sasa hukumbatia mkoba wake anapomwona. Ujira wake umekwisha siku ile aliyoanza kuwa mtu mzima. Hana cheti cha shule, hana ufundi. Amejifunza neno moja tu, nalo ni kuomba. Wahenga wetu walituonya: samaki mkunje angali mbichi. Sisi twamkunja samaki huyu kila siku, tena kwa sadaka zetu, mpaka anakaukia katika umbo asiloweza kuishi nalo.

Hata hivyo tusije tukawahukumu wazazi wote kwa maneno mamoja. Watoto waombao si wa namna moja. Yuko aliyetumwa na mama yake mwenyewe, mama aketiye kivulini ng'ambo ya barabara, mjane au mke aliyeachwa, asiyekuwa na chakula cha jioni. Yuko amwongozaye baba yake au babu yake kipofu, naye hufanya hivyo kwa utii na mapendo. Tena utii huo wenyewe ni fadhila. Yuko aliyekimbia nyumbani kwa kipigo cha baba wa kambo au kwa nyumba iliyovunjika kwa pombe, naye hana wa kumtuma wala wa kumpokea. Na yuko, Mungu atusamehe, aliyekodishwa au kuibwa.

Huyu wa mwisho si hadithi ya kutishia watu. Mwaka 2022 shirika la utangazaji la Uingereza, BBC, lilitangaza uchunguzi juu ya watoto wenye ulemavu waliochukuliwa kutoka Tanzania wakapelekwa Nairobi. Wazazi wao, watu maskini wa vijijini, walikuwa wameahidiwa kwamba watoto watapata maisha mema mjini. Kumbe watoto walilazwishwa kuomba katika barabara za mji ule, na fedha zote walizopata zilichukuliwa na watu waliowaleta. Wapita njia wa Nairobi walipotia sarafu zao mapajani mwa watoto hao, walidhani wanamsaidia kilema. Sarafu zao zilikwenda kwa mfanya biashara ya binadamu. Na kadiri mtoto alivyoonekana mnyonge zaidi, ndivyo biashara ilivyostawi zaidi.

Wala uovu huu haukuanza jana. Huko Paris, katika karne ya 17, watoto wachanga waliotupwa na mama zao waliweza kuuzwa kwa sarafu nane tu, na miongoni mwa wanunuzi walikuwamo ombaomba waliowavunja mikono na miguu ili kuamsha huruma ya watu. Mtakatifu Vinsenti wa Paulo alipoyajua hayo, hakuridhika kuwahubiria watu wa Paris waache kutoa. Yeye pamoja na wanawake Wakristu wa mji ule na Masista wa Mt. Luisa wa Marillac walianza, mwaka 1638, kuwatwaa watoto hao na kuwalea. Walianza na watoto 12 tu, kwa kuwa uwezo wao ulikuwa mdogo. Baadaye waliwapokea wote.

Tena kabla ya hapo, katika karne ya nne, Mtakatifu Yohane Krisostomo alisimulia mbele ya Wakristu wa Antiokia habari za wazazi maskini waliowapofusha watoto wao wenyewe wapate sadaka. Tungetazamia kwamba mtakatifu huyo atawalaani wazazi. La hasha! Aliwageukia matajiri waliokuwa wakimsikiliza. Aliwafundisha kwamba ukatili ule ulitokana na ugumu wa mioyo yao: maskini alikuwa amepita mbele yao akiwa na njaa tu, nao hawakumjali, kwa hiyo alitafuta maumivu makubwa zaidi, yawezayo kupasua mioyo ya mawe. Maneno hayo yatupasa kuyatafakari sana. Sisi humpita mama maskini anapotafuta kazi ya kufua; twamwambia kazi hakuna. Humpita anapouza nyanya zake. Twambishia bei kwa shilingi 100. Lakini akimleta mtoto wake mbele yetu, mkono umenyoshwa, hapo twatoa. Basi ni nani aliyemfundisha kwamba mtoto ndiye auzikaye?

Hapa labda msomaji mmoja atasema: Lakini Bwana Wetu Yesu Kristu mwenyewe, katika mahubiri yake ya mlimani, ametuagiza tumpe kila atuombaye. Mnawezaje kutuzuia? Twajibu: Hatuwezi kulifuta agizo la Bwana, wala hatutaki. Lakini tumwulize mtoto yule, ni nani aombaye? Mkono ni wa mtoto. Ombi mara nyingi ni la mwingine. Naye Bwana yule yule, katika mahubiri yale yale, ametukumbusha kwamba baba hampi mwanawe jiwe aombapo mkate, wala nyoka aombapo samaki. Ametufundisha kumpa mtoto vipawa vilivyo vyema. Kama mtoto wako mwenyewe angekuomba kisu chenye makali achezee, usingempa, nawe usingedhani kwamba umeivunja Injili. Lakini pia usingemwacha akilia peke yake ukaenda zako. Ungemchukua, ungempa kilicho chema. Agizo la kutoa halipungui kwa sababu mwombaji ni mtoto, lazidi. Kwa mtoto haitoshi kutoa anachoomba. Yapasa kutoa anachohitaji.

Msomaji mwingine atasema neno zito zaidi: Nisipompa, jioni atarudi mikono mitupu, naye atapigwa, au atalala na njaa. Kwa hakika hoja hii ndiyo nzito kupita zote, nasi hatutaki kuiruka. Ni kweli, yaweza kutokea. Ndiyo maana hatuwezi kusema tu "usimpe" na kuishia hapo, kama watu wanaofunga mlango wakidhani wamelitatua jambo. Mtoto anayepigwa kwa sababu ya shilingi hakombolewi na shilingi. Kesho atadaiwa nyingine, na keshokutwa nyingine tena. Lakini pia hakombolewi na mtu anayemnyima na kwenda zake. Anakombolewa na mtu anayesimama, anayeuliza, na asiyenyamaza. Na kama mtoto ana njaa sasa hivi, apewe chakula sasa hivi, ale mbele yako, kwani njaa haingojei kikao. Chakula alichokila mtoto hakuna awezaye kumpokonya jioni.

Na sasa yatupasa kuligeukia kundi lile lingine, yaani wale waliofurahi kusoma mpaka hapa. Maana wako watu waliokuwa hawatoi hata kabla ya kusikia hoja yoyote. Sasa wamepata hoja, nao huivaa kama vazi la sikukuu. Mtoto anapokaribia, kioo cha gari hupandishwa, na macho huelekezwa kwenye simu. Wakiulizwa, husema kwamba kutoa ni kulea uvivu. Twawauliza ndugu hao swali moja: Zile fedha ambazo hamkumpa mtoto kwa kuwa mnampenda sana, mmezipeleka wapi? Kama zimebaki mfukoni, basi si mapendo yaliyozizuia. Tukisema kwamba fedha isitiwe mkononi mwa mtoto, hatukusema ibaki mkononi mwetu. Siku ya mwisho, kama tulivyofundishwa katika sura ya 25 ya Injili ya Matayo, hatutaulizwa kama tulikuwa na hoja nzuri, bali kama mwenye njaa alikula, na kama aliye uchi alivikwa. Kwa hiyo sisi twasema waziwazi: sarafu uliyomnyima mtoto kwa ajili ya mema yake si mali yako tena. Ni deni. Nalo lazima lilipwe kwa njia nyingine, tena lilipwe zaidi, kwa kuwa njia iliyo bora haiwi rahisi kuliko ile mbaya.

Hayo yote yatuonyesha kwamba huruma peke yake, ikikosa busara, yaweza kupotea bure. Mwaka 1617 huyo huyo Mt. Vinsenti, akiwa paroko katika mji mdogo wa Châtillon huko Ufaransa, aliambiwa siku ya Jumapili kwamba katika nyumba moja nje ya mji watu wote ni wagonjwa, hakuna hata mmoja wa kumhudumia mwenzake. Aliwaeleza waumini wake katika mahubiri. Mchana alipokwenda mwenyewe kuwaona wagonjwa, alikuta njia imejaa watu wanaokwenda na wanaorudi, wamechukua vyakula. Mioyo ilikuwa imeguswa kweli. Lakini Mt. Vinsenti alitambua kwamba vyakula vingi namna ile vitaharibika siku moja mbili, kisha wagonjwa watakuwa na njaa tena kama kwanza. Huruma ilikuwa nyingi, mpango haukuwapo. Katika siku chache tu aliwakusanya wanawake wa parokia, akawapangia zamu, kila mmoja na siku yake. Ndivyo kilivyozaliwa chama cha kwanza cha mapendo, na kazi yake yaendelea duniani hata leo.

Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati yake ya mwaka 1965 juu ya utume wa walei, umefundisha jambo lile lile: kwamba msaada wetu usiishie kwenye matokeo ya shida, bali uziondoe pia sababu zake, na kwamba maskini asaidiwe kwa namna ya kumwezesha polepole asitegemee tena mkono wa mwingine. Naye Baba Mtakatifu Leo wa 14, katika wosia wake wa kitume Dilexi te wa tarehe 4 Oktoba 2025, ametukumbusha kwamba msaada ulio bora kwa maskini ni kumpatia kazi njema. Lakini hapo hapo amekataa sadaka isidharauliwe, kwa kuwa maskini asiyepata kazi hawezi kuachwa hivi hivi. Kwa mtoto, sisi twaongeza, kazi iliyo njema ni shule, na mchezo, na usingizi wa kutosha chini ya dari.

Basi tufanye nini? Twawapendekezea wasomaji wetu mambo matano, ambayo hata jamaa isiyo na mali nyingi yaweza kuyatenda.

Kwanza, tumtazame mtoto usoni na kumwuliza jina lake. Marehemu Papa Fransisko alisema mara nyingi kwamba mtu atoaye sadaka bila kumtazama maskini machoni na bila kumgusa mkono, hakukutana naye. Petro alianza kwa kumkazia macho yule kiwete. Mtoto aliyezoea kuitwa "chokoraa" akiitwa Yohana, au Neema, au Hamisi, amepewa kitu ambacho hakuna awezaye kumnyang'anya. Nasi tulioliuliza jina hatuwezi kusahau kwa urahisi kama tulivyosahau jana.

Pili, badala ya fedha, tumpe kinacholiwa pale pale: ndizi, andazi, chupa ya maji, sahani ya wali kwa mama lishe aliye karibu. Na yule aliye peke yake, aliyekimbia kwao, ana haja kubwa zaidi ya chakula kuliko ya fedha, kwa maana fedha mkononi mwa mtoto asiye na nyumba humwita mkubwa wa kumpokonya, au humpeleka kwenye gundi ya kunusa.

Tatu, tuangalie mtu mzima aliye nyuma ya mtoto. Kama mtoto amwongoza kipofu, sadaka itiwe mkononi mwa kipofu mwenyewe, naye aulizwe kwa heshima, kama mzazi aulizwavyo: "Mzee wangu, kijana huyu asoma darasa la ngapi?" Upofu si kosa lake, na haja ya kuongozwa ni haja ya kweli. Lakini je, katika jumuiya nzima hapatikani mtu mzima hata mmoja, hapatikani fimbo nyeupe hata moja, mpaka macho ya baba yawe yale ya mtoto wa darasa la pili? Kama mama ameketi kivulini, yeye ndiye wa kuendewa. Aulizwe akaako, na Jumuiya Ndogo Ndogo ya Kikristo ya mtaa ule ipewe habari. Tangu Januari 2016 ada zimefutwa katika shule za msingi za Serikali, pamoja na sekondari hadi kidato cha nne. Kwa hiyo mara nyingi kinachomzuia mtoto ni sare, viatu, madaftari na chakula cha mchana. Mambo hayo jamaa kumi zikiungana zaweza kuyamaliza. Na mama naye, mtaji mdogo wa kuuza maandazi utamfaa kuliko sarafu za mwaka mzima.

Nne, palipo na dalili ya mtoto kuibwa, kukodishwa au kuteswa, tusinyamaze. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamhesabu mtoto aombaye barabarani kuwa mtoto anayehitaji matunzo na ulinzi, nayo imemwekea kila mwananchi mwenye habari za mtoto anayedhulumiwa wajibu wa kuzipeleka kwa mamlaka ya serikali za mitaa. Wako maafisa wa ustawi wa jamii, iko polisi, na iko namba ya simu 116 ya kuwasaidia watoto. Wengine huona haya kutoa habari, wakidhani ni umbeya. Siyo. Msamaria mwema hakufunga vidonda tu. Alimpeleka yule mtu mahali pa kutunzwa, akalipa, akaahidi kurudi. Nanyi wazazi wa vijijini mliojaliwa mtoto mwenye ulemavu, twawasihi kwa jina la Mungu: akija mtu msiyemjua, mwenye maneno matamu juu ya shule na matibabu ya mjini, msimkabidhi mtoto kabla hamjashauriana na paroko, au katekista, au mwenyekiti wa kijiji. Mkono wa mzazi maskini ni salama kuliko ahadi ya mgeni.

Tano, lile deni tulilolitaja, lilipwe. Twapendekeza kila nyumba iweke kopo moja, hata la maziwa ya unga, mahali panapoonekana na wote. Kila mara mmoja wa nyumba anapomnyima mtoto fedha barabarani, akifika nyumbani atie mara mbili ya kile ambacho angempa. Watoto wa nyumba waone, waulize sababu, nao waelezwe kwamba yuko mtoto wa rika lao ambaye leo hakwenda shule. Mwisho wa mwezi kopo lipelekwe kwa jumuiya, au kwa Karitasi ya parokia, au kwa Chama cha Mt. Vinsenti wa Paulo mahali kilipo, kwa ajili ya mtoto mmoja ajulikanaye kwa jina na kwa nyumba. Chama hicho, tangu Mwenye Heri Frederic Ozanam na wenzake walipokianzisha Paris mwaka 1833, desturi yake kubwa ni hii: kumtembelea maskini nyumbani kwake. Hatuoni dawa iliyo bora zaidi. Barabarani twauona mkono tu. Nyumbani twauona ugonjwa wa baba, deni la kodi, kitanda kisichokuwapo, na dada mkubwa aliyeacha shule. Hapo ndipo twajua la kufanya.

Mtu asiseme kwamba hayo ni ya matajiri. Wazee wetu walisema: kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Petro hakuwa na fedha wala dhahabu, naye alifanya lile ambalo sadaka za miaka 40 hazikulifanya. Sisi hatuna uwezo wa kufanya miujiza ya Mitume. Lakini uwezo wa kusimama, wa kutazama, wa kuuliza na wa kushika mkono, huo kila mmoja amepewa.

Je, basi, kumpa mtoto fedha njiani kwaleta hasara kuliko faida? Tumekwisha kusema: mara nyingi, ndiyo. Na kumpita bila kumpa chochote je? Hiyo ni hasara kubwa zaidi, tena ni hasara yetu sisi, maana mtoto amepungukiwa mkate, nasi tumepungukiwa Kristu aliyejificha ndani yake. Njia ya Mkristu si kutupa sarafu, wala si kupandisha kioo. Ni ndefu zaidi, yachukua muda wetu, nayo hutufikisha mpaka nyumba ambazo tusingependa kuzijua.

Jumapili ijayo tutakapopanda ngazi za kanisa, huenda tutamkuta mtoto amewekwa pale mlangoni. Ndani, penye altare, yuko yule Yule aliyewakemea mitume walipowazuia watoto wasimwendee. Watu wa kumweka mlangoni amekwisha kuwapata. Anangoja mtu wa kumshika mkono wa kuume na kumwingiza ndani.

Tumsifu Yesu Kristu.